Sukari Inapoingia Chumbani

Tunawaomba wasomaji wetu, hasa mama zetu na dada zetu, watustahamilie kwa maudhui ya juma hili. Si maudhui ya kusomwa kwa sauti mbele ya watoto. Lakini tumeona kuwa kuyanyamazia kumekwisha kuvunja nyumba kadhaa tunazozijua, na moja kati ya hizo ilikaribia kuvunjika mikononi mwetu wenyewe.

Miaka michache iliyopita, baada ya sala ya Alasiri, walitujia mume na mke kutaka shauri. Mambo madogo tumeyabadilisha ili wasitambulike, nao wameturuhusu tuyaandike haya. Mume alikuwa amerejea kutoka Ghuba, alikokuwa akifanya kazi ya udereva kwa miaka miwili. Mke, mama wa watoto watatu, alikuwa na umri wa miaka 39. Mume ndiye aliyesema, na alisema kwa uchungu.

“Sheikh, nimerudi siku arubaini sasa. Mke wangu hanitaki. Nikimkaribia huniambia amechoka, mara ana maumivu, mara usiku umekwenda. Na kuna jambo jingine naona haya kulitaja. Ana muwasho na uchafu unaomtoka. Maradhi hayo kayapata wapi nami sikuwapo?”

Mke alikuwa ameinamisha kichwa akiutazama mkeka. Tulipomuuliza ana neno gani, alisema, “Sina, Sheikh.” Basi.

Hapa inatubidi tukiri kosa letu. Tulimwambia yule mume achunge ulimi wake, hilo tulilifanya. Lakini mke tulimkumbusha haki za mume, tukamkumbusha na onyo lililopokewa kuhusu mke anayemkatalia mumewe kitandani, bila ya kumuuliza kama ana udhuru. Kisha mkwewe alipotutumia habari kwamba mwanamke yule huenda ana jini mahaba, tuliandika kombe kwa zafarani, tukamsomea, tukampa anywe siku saba. Qur'ani ni shifaa, na hatutarudi nyuma katika hilo. Lakini kumsomea mgonjwa hakumzuii mtu kumpeleka kwa daktari, nasi hatukuwa tumemshauri kwenda.

Aliyetuzindua ni khalati yake, muuguzi mstaafu, mwanamke wa maneno machache. Alikuja siku moja asubuhi, akaketi, akatuambia: “Sheikh, mwanangu mmemsomea, mmemnywesha kombe, mmemuusia. Yuko aliyempima sukari?”

Hapakuwa na aliyempima. Alimchukua siku ile ile hadi zahanati ya mtaani. Tone moja la damu ya kidole, na mashine ikasoma 15.3. Mtu mwenye siha njema, hata akiwa ametoka kula, kwa kawaida hafiki 7.8. Mwenye dalili za kisukari akisoma 11.1 au zaidi saa yoyote ile, daktari huhesabu kuwa ni kisukari. Binti yule alikuwa akiamka usiku mara nne kwenda msalani na akinywa maji kama mtu aliyetoka jangwani, naye akidhani ni joto la Kaskazi.

Tangu siku ile tumekuwa tukiwauliza madaktari na wauguzi, wanawake kwa wanaume, na tukisoma tulichoweza kukisoma. Tuliyoyafahamu ndiyo haya.

Kila mtu wa Pwani anajua kuwa kisukari humdhoofisha mwanamume. Kuta za mitaa yetu zimejaa vikaratasi vya waganga vinavyoahidi kurudisha nguvu za kiume, na hata kliniki ya sukari, daktari huwa mwepesi zaidi kumuuliza mzee wa kiume kuhusu unyumba wake kuliko kumuuliza bibi aliyeketi kando yake. Lakini mwili wa mwanamke nao ni damu na mishipa. Unyevu unaomrahisishia mwanamke tendo la ndoa hautoki hewani. Damu hukimbilia sehemu zile anapopata hamu, na majimaji yake hupenya katika kuta za uke na kuzilainisha. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, mishipa midogo ya damu hukakamaa na mishipa ya fahamu hufifia. Damu haifiki kama inavyotakiwa, ute unapungua, hisia zinakuwa baridi, na kufikia raha kunakuwa kazi au kunakosekana kabisa. Akiingiliwa katika hali hiyo huumia. Akiumia mara mbili tatu, mwili wake wenyewe huanza kulikimbia jambo lile kabla moyo haujaamua chochote. Mume huona mke anageukia ukutani, akadhani amechukiwa.

Juu ya hayo kuna fangasi. Vijidudu hivi vya hamira huishi katika miili ya wanawake wengi bila ya madhara. Sukari inapozidi katika damu na katika mkojo, fangasi hupata chakula, na wakati huo huo askari wa mwili wanaopambana na vijidudu huwa wamelegea. Hapo huja muwasho mkali, wekundu, moto wakati wa kukojoa, na utoko mweupe mzito mfano wa maziwa yaliyoganda. Mwanamke hununua dawa dukani, hupona wiki mbili, kisha hurejea. Anayerejewa na fangasi mara tatu au nne kwa mwaka mmoja asiendelee kununua dawa ya kupaka tu. Na apimwe sukari. Wako wanawake ambao muwasho huu ndio uliowafichulia kisukari chao, kabla ya kiu na kabla ya kukonda. Tena mwenye kisukari mara nyingi huhitaji dawa ya fangasi kwa siku nyingi zaidi kuliko mwenzake, kwa hiyo dozi ya jirani haimtoshi.

Kibofu nacho huathirika. Mishipa yake ya fahamu ikidhoofu, mkojo hautoki wote, unaobaki huwa kisima cha maambukizi, na mwanamke akawa kila mwezi anatumia viuavijasumu. Ni mwanamke gani mwenye maumivu ya mkojo atakayekuwa na hamu ya kitanda?

Tunataka kusimama kidogo kwenye neno la yule mume, “kayapata wapi nami sikuwapo?” Fangasi za ukeni kwa kawaida si maradhi ya zinaa. Msichana bikira huzipata, ajuza mjane huzipata, mwanamke ambaye mumewe yuko ng'ambo miaka miwili huzipata akiwa amejifungia ndani na watoto wake. Kuona muwasho na utoko ukamtuhumu mke kwa uchafu ni jambo zito mbele ya Mwenyezi Mungu. Wasomaji wetu wanajua sharia ilivyomfunga mwenye kumsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi: mashahidi wanne, au adhabu, na baina ya mume na mke kuna kiapo cha li'ani ambacho baada yake hawarudiani. Yote hayo mtu ayaingie kwa sababu ya maradhi yanayotibiwa na dawa ya kuweka ukeni! Yako kweli maradhi ya zinaa yanayofanana na haya kwa dalili, na ndiyo maana kipimo kinatakiwa. Atakayetofautisha ni daktari, wala si dhana ya mume.

Na uko upande wa moyo, ambao madaktari waliutaja kwa msisitizo kuliko tulivyotarajia. Mwenye kisukari huwa katika hatari ya kupatwa na huzuni kubwa takriban mara mbili ya asiyekuwa nacho. Kuchoma sindano, kuhesabu vidonge, kunenepa au kukonda, kuamka usiku, kisha mchana jikoni na watoto. Baadhi ya dawa za huzuni na za shinikizo la damu nazo hupunguza hamu. Asiziache kwa shauri lake mwenyewe. Amwambie daktari, kwani mara nyingi iko dawa nyingine ya kubadilisha.

Dada mmoja alituuliza kwa simu kama haya yanamhusu yeye ambaye ameambiwa “bado hajafika.” Sukari yake ilikuwa 6.4 asubuhi kabla ya kula. Huyo yuko ukingoni. Kwa kipimo wanachotumia madaktari wengi, 7.0 na kuendelea kabla ya kula ni kisukari, na kati ya 5.6 na 6.9 ni hali ya kukikaribia, ingawa Shirika la Afya Duniani huanza kuhesabu ukingo kutoka 6.1. Kiko pia kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi mitatu: kuanzia asilimia 6.5 ni kisukari, na kati ya 5.7 na 6.4 ni ukingoni. Mishipa haisubiri namba ya 7.0 ndipo ianze kuumia. Madhara yanaweza kuanza pale ukingoni, na fangasi na ukavu vinaweza kumfika mwanamke ambaye bado hajapewa kidonge hata kimoja. Wenye kupasa kuangaliwa zaidi ni wale waliopata sukari wakati wa mimba, waliojifungua watoto wakubwa sana, wenye wazazi au ndugu wenye kisukari, wenye uzito mwingi kiunoni, na wale ambao hedhi zao hupotea kwa miezi na nywele huwaota kidevuni, kwani hali hiyo mara nyingi huambatana na mwili kutoitikia insulini.

Habari njema iko hapo ukingoni. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2002 uliwafuata maelfu ya watu waliokuwa katika hali hii. Waliopunguza kiasi cha asilimia 7 ya uzito wao na kutembea au kujishughulisha kwa dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kuingia katika kisukari kwa asilimia 58, na waliotumia vidonge vya metformini kwa asilimia 31. Yaani miguu iliishinda dawa. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Pale Mama Ngina, Mombasa, baada ya sala ya Alfajiri, tunawaona mama zetu na mabuibui yao wakitembea wawili wawili, na tunamuomba Mola awazidishie. Na wale ambao tayari wana kisukari na uzito mkubwa wasikate tamaa: wanawake waliopunguza uzito kwa mpango maalumu wameonekana kupata nafuu katika matatizo haya haya ya unyumba.

Kuhusu chakula hatutasema mengi, kwa kuwa kila mtu anajua, na sisi wenyewe hatuna uso wa kuwahubiria watu kuhusu mahamri. Itoshe kwamba asubuhi ya mahamri manne, chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, mchana sinia ya wali, na jioni kaimati, ni mzigo ambao mwili wa mwenye kukaa hauwezi kuubeba. Samaki, mbaazi na mchicha viko sokoni, tena ni vyakula vyetu vya asili.

Tuje kwenye matibabu. La kwanza ni kuishusha sukari yenyewe, maana kutibu fangasi huku sukari iko 15 ni kukausha nyumba huku paa linavuja. La pili, ukavu una dawa. Maduka ya dawa huuza vilainishi vya maji ambavyo hutumiwa wakati wa tendo la ndoa, na hakuna ubaya wa kisharia kwa mume na mke kuvitumia. Visiwe na manukato wala sukari. Aliyekwisha kukoma hedhi anaweza kuandikiwa krimu ya homoni ya kuweka ukeni, naye atamuuliza daktari kama inamfaa. Tatu, ziko dawa za kisukari za kundi jipya, kama vile dapagliflozini na empagliflozini, ambazo huitoa sukari kwa njia ya mkojo. Ni dawa nzuri kwa moyo na figo, lakini huongeza fangasi za sehemu za siri. Anayezitumia akaanza kuwashwa asidhani amerogwa, na asizitupe. Amweleze aliyempa.

Anayechoma insulini, au anayetumia vidonge vya aina ya glibenklamidi, ajue pia kuwa unyumba ni kazi ya mwili kama kazi nyingine. Sukari inaweza kushuka. Akihisi kutetemeka, jasho la baridi na moyo kwenda mbio, hiyo inaweza kuwa sukari iliyoteremka chini ya 4.0, na tende chache au nusu gilasi ya juisi iliyowekwa karibu na kitanda itamfaa. Mume naye azijue dalili hizo.

Sasa neno kwa makungwi na masomo wetu. Katika ada zetu za Pwani, mwari hafichwi mambo ya ndoa. Ana somo wake wa kumfunza, na hii ni hazina ambayo watu wengi hawana. Lakini katika mafunzo yale yameingia mambo ya kujidhuru: kujiweka shabu ili kukaza, kuingiza majani na unga wa kukausha, kujiosha ndani kwa sabuni ya manukato au dawa ya kuulia vijidudu, kujifukiza moshi wa udi moja kwa moja sehemu ile. Nguo fukizeni, nywele fukizeni, chumba kifukizeni kinukie hadi barazani. Uke una ulinzi wake aliouumba Mwenyezi Mungu, na vitu hivi huuondoa, kisha humuumiza zaidi mwenye kisukari, ambaye ukavu tayari anao na kidonda chake hakiponi haraka. Istinja ya maji safi, kutoka mbele kwenda nyuma, na kujikausha vyema, inatosha. Tungependa siku moja somo amwambie mwari wake, pamoja na mengine yote, “na ukiwashwa kila mwezi, kapime sukari.”

Tumeulizwa pia kuhusu ibada. Utoko unaotoka ndani hutengua udhu katika madhehebu yetu ya Shafii, lakini si hedhi, haumwachishi mwanamke sala wala funga. Yule ambaye utoko au mkojo haumkatiki hata akapata muda wa kutawadha na kusali, hukumu yake ni ya mwenye hadathi ya kudumu: hujisafisha, hujikinga kwa kitambaa, hutawadha baada ya kuingia wakati wa kila sala ya faradhi, akasali, na kinachotoka baada ya hapo hakimdhuru. Kadhalika kuhusu kutazamwa na tabibu. Atangulize daktari au muuguzi mwanamke, nao sasa wako wengi. Akimkosa, na dharura ipo, ataangaliwa na mwanamume mwaminifu mbele ya mahramu wake au mumewe, kwa kadiri ya haja.

Na anayeona haya kuuliza amkumbuke Ummu Sulaym, mama wa Anas bin Malik. Alimjia Mtume (S.A.W.) akamuuliza kama mwanamke anapoota ndoto ya usiku humlazimu kuoga. Bi Ummu Salama aliyekuwapo alijifunika uso kwa haya, lakini Mtume hakumkemea muulizaji. Alimjibu, na jibu lile ndilo tunalosomesha chuoni mpaka leo. Bi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Sisi masheikh basi tusiwe wakali kuliko hapo. Mwanamke akija na udhuru wake, kwanza tumsikilize. Lile onyo tulilomsomea binti wa watu, wanazuoni wameeleza kuwa ni kwa anayekataa bila ya udhuru wa kisharia, na maumivu ni udhuru.

Waume nao wana somo katika kisa cha Salman na Abu Dardaa. Salman alimtembelea nduguye, akamuona Ummu Dardaa amejiachilia, hana mapambo. Alipomuuliza, mama yule hakumshitaki mumewe kwa maneno mengi. Alisema tu kwamba ndugu yako hana haja na dunia. Salman alifahamu, akaketi na Abu Dardaa akamkumbusha haki ya mkewe, na Mtume (S.A.W.) akasema Salman kasema kweli. Aliona dalili akauliza, hakuhukumu. Mume ambaye mkewe amebadilika aanze hapo, kwa kuuliza kwa upole, mchana, si usiku wakati wa haja yake. Kisha afuatane naye kliniki.

Binti yule alianzishiwa metformini na akatibiwa fangasi kwa wiki mbili kamili. Khalati yake alimtafutia kilainishi, na kwa muda wa wiki kadhaa mume aliambiwa asubiri, akasubiri. Baada ya miezi mitatu, alikuja kutuona peke yake. Tulidhani amerejea na lile jambo la talaka. Alivua viatu, akaketi, akatoa karatasi ya maabara mfukoni na kutuwekea mbele yetu. Kumbe siku aliyomsindikiza mkewe kupima tena, muuguzi alimwambia na yeye atoe kidole. Sukari ya mke kabla ya kula ilikuwa imeshuka hadi 6.8. Yake yeye ilikuwa 9.1.

“Sheikh,” alisema, “mke wangu ameniambia nisikuombe kombe. Amesema nikuulize tu, siku za Jumatano ile kliniki hufunguliwa saa ngapi.”